Aliyejibu "Starehe"

Kwanza weka hiyo simu chini. Chini kabisa, ifunike na kanga. Sasa sema hivi: "Shangazi, nikilitoa neno hili nje ya mlango huu, chakula kisinipite kooni." Sema. Usicheke, hapa wa kucheka ni mimi. Umesema? Haya. Utaelewa mwenyewe kwa nini nimekuapisha kwa chakula, sikukuapisha kwa Biblia.

Ni Karatu hapahapa, wala si mbali na stendi. Mwalimu Xavery aliletwa na uhamisho mwezi wa tatu, kutoka kwao Sumbawanga, kijiji ambacho ukipiga chafya mtaa wa pili wanakuambia pole. Akashuka hapa akakuta mji. Magari ya watalii yamejipanga kama ng'ombe wa mnada, wazungu wamevaa kofia za kuwindia na hawawindi kitu, vijana wanaongea Kiingereza cha kuuzia shanga. Na yeye ni mtu wa hesabu, mpole, shati limechomekwa hata Jumamosi. Akamwamkia kila mtu njiani kama kwao. Siku ya kwanza waliitikia watu wanne. Siku ya pili akaacha.

Shule ilipokuwa wazi ilikuwa nafuu, kuna kelele za watoto. Kazi ilianza mwezi wa sita shule zilipofungwa. Walimu wenzake wakatawanyika, huyu Mbulu, yule Babati, yule Moshi. Yeye aende kwa nani? Mama yake walikuwa wamemzika mwaka uliotangulia, na kwao ni siku mbili barabarani kwenda kufungua nyumba tupu. Akaona heri abaki apumzike, aujue mji.

Mwanangu, kupumzika peke yako ugenini ni kazi kuliko kulima. Asubuhi ukungu na baridi ile ya Karatu inayoingia hadi kwenye meno, anafua shati moja. Saa nne yuko stendi anaangalia magari yanayopanda Ngorongoro. Saa saba anarudi kupika. Jioni anaenda kibanda cha mpira, anashangilia timu asiyoijua ili apige kelele pamoja na watu. Wakitoka hakuna anayemuuliza anakaa wapi.

Alikaa kwa Mama Bene. Mama Bene, yaani Benedicta, ni mtu wa Kilimanjaro, mwenye mgahawa wa madereva, mwili umejaa, sauti kama spika ya kampeni. Nyumba kubwa iko mbele, katikati ua wenye kamba ya nguo na kuku, na kule nyuma chumba kimoja chenye mlango mfupi. Hicho ndicho alichompa Mwalimu. Akamwambia, "Chumba kizuri, Mwalimu, kina kivuli." Kilikuwa na kivuli kweli. Kilikuwa pia na harufu kidogo ya maji ya vyombo, yale maji yaliyolala kwenye beseni na mafuta juu. Mwalimu akasugua sakafu na sabuni mara tatu. Harufu ikakaa.

Sasa sikia malezi ya huyu kijana. Mama yake alimfundisha kwamba mkono hauingii kwenye sahani kabla mdomo haujakaribisha. Hata ua uwe mtupu, sema, maana hujui nani yuko nyuma ya ukuta na njaa yake. Kwa hiyo kila saa saba Mwalimu anakaa mlangoni kwake, stuli na meza fupi, ananawa, anawaambia kuku wa Mama Bene, "Karibuni chakula." Kuku hawajibu. Anakula.

Jumanne moja, ugali na dagaa wa kwao, akanawa, akasema, "Karibuni."

Nyuma yake, ndani ya chumba, sauti ya mwanamke aliyechoka ikasema, "Starehe."

Tonge likabaki hewani. Akageuka. Kitanda, ndoo, mashati kwenye msumari. Akajiambia ni redio ya Sabina, jirani wa upande wa ukuta, Mwiraqw mmoja mwenye kuuza maziwa ya mgando. Akala haraka haraka.

Kesho yake akasema tena, na hapo ndipo nataka umwelewe, usimcheke. Alisema makusudi. Mtu aliyekaa siku kumi bila kuulizwa amelalaje hachagui anayemjibu.

"Karibu chakula."

"Starehe, endelea tu."

Hata shuka la kitanda halikutikisika. Lakini sauti ilikuwa imesogea, imeshafika usawa wa ndoo. Mwalimu aliogopa, ndiyo. Aliogopa, na jioni ile hakwenda kwenye mpira, alikaa nyumbani akijiuliza kesho apike nini.

Siku ya tatu akapika wali na maharage, kipimo cha kuzidi. Akakaribisha. Sauti ikajibu starehe, ile starehe ya mtu anayemeza mate. Sisi wote tunaijua hiyo. Mtu anasema starehe na macho yako kwenye nyama. Basi Mwalimu akafanya kama mama yake alivyokuwa akifanya. Akasisitiza. Akasogeza sahani upande wa pili wa meza, akasema bila kugeuka, "Sogea bwana, chakula cha mmoja kinatosha wawili."

Kosa ni hilo. Kukaribisha ni adabu. Yeye alisisitiza bila kuangalia anamsisitiza nani.

Kuku waliokuwa miguuni wakaondoka wote, wakaenda kujibana kwenye ukuta wa mbele.

"Haya," ile sauti ikasema kwenye sikio lake. "Nakaribia."

Harufu ya maji ya vyombo ikajaa. Kwenye beseni la kunawia maji yakatikisika, yakafanya utando wa mafuta juu, na hakuna mkono uliogusa. Na kwenye wali, upande ule wa pili, pakatokea shimo dogo la vidole vitatu, vidole vyembamba, kisha lingine, kisha lingine, taratibu, kama anayeogopa kunyang'anywa.

Kuanzia hapo Mwalimu hakusikia tena ladha. Chumvi akiweka, haipo. Pilipili, maji tu. Anakula sahani nzima na tumbo linalia kama hajala. Ndani ya siku kumi mkanda wake ukahitaji tundu jipya, akalitoboa na msumari. Na mgeni wake akaanza kuzungumza. Swali lilelile kila siku.

"Yule wa mbele amekula nini leo?"

"Sijui," Mwalimu anajibu kwa sauti ndogo. "Amefunga mlango."

"Alikuwa anakulia hapo nje. Hapo ulipoweka stuli. Ijumaa kuku, Jumapili ndizi nyama. Alikuwa anafyonza mfupa hadi nasikia."

Mwalimu akajaribu kutokaribisha. Akala kimya, amejifungia, mgongo ukutani. Tonge likafika kooni likasimama pale kama limewekewa mkono. Alilitema akilia. Kutoka chini ya kitanda sauti ikasema kwa upole, "Mwalimu, umesahau kunikaribisha."

Asubuhi yake akakimbia. Akamkuta stendi Saning'o, Mmasai wa Soitsambu anayeendesha Land Cruiser ya mizigo. Siku hiyo alikuwa anapeleka unga na sukari dukani kwa ndugu yake juu Ngorongoro, arudi jioni. Mwalimu akaomba lifti, eti akaone kreta, ndiyo likizo yake. Saning'o alimtazama alivyokonda akasema, "Panda, Mwalimu, ila upepo wa kule ukikubeba mimi sishuki kukutafuta."

Walipopita geti Mwalimu akaanza kupumua. Msitu, nyati wamesimama barabarani kama wazee wa mji, na Saning'o mwenyewe ana maneno mengi. Mwalimu alicheka mara ya kwanza tangu shule zifungwe. Walipofika pale juu watalii wanapopigia picha, ukungu ulikuwa umejaa kreta yote kama maziwa kwenye sufuria, hakuonekani hata mti. Wakakaa kwenye bampa. Saning'o alikuwa na chapati na maharage kwenye kontena, Mwalimu ana mayai ya kuchemsha. Na mwalimu wa watu, kwa furaha, kwa mazoea, mdomo ukatangulia akili.

"Karibu mayai, Saning'o."

Kutoka kwenye ule ukungu, ng'ambo ya ukuta mfupi wa mawe, mahali ambapo hapana ardhi ya kusimamia mtu, pakajibiwa, "Nakaribia."

Saning'o akaacha kutafuna. "Mwalimu, nani kajibu?"

Harufu ya maji ya vyombo ilikuwa imeshafika, huko juu kwenye baridi na nyasi safi, na yai mkononi mwake likaanza kupungua, kipande, kipande, kama linang'atwa na meno madogo, na Saning'o anaangalia kwa macho yake mawili, na ukungu ukawa unapanda ule ukuta wa mawe na kuwazunguka hadi gari lenyewe likawa halionekani, wakabaki wao na lile yai.

Saning'o akafunga kontena. "Mimi nimelala porini simba anakohoa upande huu na upande huu," akasema polepole. "Lakini huyo hapandi mbele na mimi. Wewe na mgeni wako mtakaa nyuma na magunia."

Wakafikisha mizigo dukani, wakateremka. Kwenye geti Saning'o akafungua dirisha la nyuma kidogo tu. "Unakaa kwa nani?"

"Kwa Mama Bene. Chumba cha nyuma."

Saning'o akaacha magari matatu yapite kwanza. "Kamuulize Sabina habari za Domitila. Sema umetumwa na aliyekuwa anakula pale mgahawani, akaacha."

Sabina alipoulizwa hakushangaa. Aliendelea kufunga vidumu vyake vya maziwa. "Nilijua," akasema. "Nilikuwa nasikia unaongea na mtu. Nikasema labda amepata mchumba."

Domitila alikuwa Mnyaturu wa Singida. Alikuja msimu wa kahawa, kuchuma, kahawa ilipoisha Mama Bene akamchukua kuosha vyombo mgahawani. Miaka saba. Mikono ilikuwa imeoza vidoleni kwa maji. Akaugua, ndani kwa ndani, akashindwa kusimama. Mama Bene akamlaza chumba cha nyuma, akawaambia watu anamuuguza.

"Anamuuguza," Sabina akasema. "Jioni akitoka mgahawani anaweka kiti chake pale mlangoni kwa mgonjwa, maana pale upepo haupigi. Anakula. Domitila yuko ndani, hatua tatu, anaona sahani. Mama Bene hasemi karibu. Nilimuuliza, mbona humkaribishi mwenzio hata kwa mdomo? Akaniambia, asiyeosha vyombo havichafui. Nikapitisha uji juu ya ukuta. Akaumwagia kuku mbele yangu. Akasema, Sabina, usinifundishe kutunza watu wangu."

"Akafa?"

"Siku ya kumi na nane. Kwao walipigiwa simu kwamba ni malaria. Tangu hapo Mama Bene hali chakula uani tena. Hujajiuliza?"

Sabina ndiye aliyempeleka Endamarariek kwa Qamara. Usitegemee mtu wa hirizi na mkia wa nyumbu. Qamara ni fundi baiskeli, mikono imejaa grisi, na haya mambo anayafanya kama anavyoziba pancha. Alimsikiliza Mwalimu huku akizungusha tairi.

"Sisi tunasema jini, wengine watasema mzimu," akasema. "Mwenye njaa haulizi anaitwaje. Ila huyu hakuvunja mlango wako. Umemkaribisha, ukamsisitiza. Mgeni wa hivyo hafukuzwi kabla hajashiba."

"Na kwangu anakula kila siku."

"Kwako hatashiba. Hakunyimwa na sufuria yako." Akasimamisha tairi kwa kidole. "Yule aliyemnyima apike, alete hadi mlango ule, aseme karibu kwa mdomo wake. Mkono safi, chakula safi. Na iwe upesi. Alilala siku ngapi yule mama?"

"Kumi na nane," Sabina akasema.

"Na wewe Mwalimu, tangu aseme nakaribia, ni ya ngapi?"

Mwalimu wa hesabu akahesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea. Ilikuwa ya kumi na sita.

Kesho yake akaenda mbele, ameshikilia ukuta. Mama Bene alikuwa sebuleni, mlango nusu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuwa kama mti wa antena, Mwalimu. Huko kwenu hamli?"

"Mama, naomba sahani moja ya chakula ulichopika wewe. Na uje useme karibu pale mlangoni kwangu. Kwa Domitila."

Uso wa Mama Bene ulibadilika kidogo tu, kama maji unapotupa jiwe dogo. Halafu akacheka lile cheko lake. "Nani kakulisha hayo? Yule muuza maziwa? Mimi nimemzika yule mtu kwa sanda yangu."

"Nakufa, mama."

"Basi nenda hospitali."

Lakini kule mgahawani minong'ono ilikuwa imeshaanza. Saning'o ana mdomo. Madereva wawili watatu walikuwa wamehamia kwa jirani. Basi siku ya kumi na nane, saa saba mchana, jua kali kweupe, Mama Bene akaja uani na sahani imefunikwa, amevaa kitenge cha harusi, aonekane. Qamara amesimama kwenye kona. Sabina ameshika jagi la maji ya kunawa. Mwalimu yuko kwenye mkeka mlangoni, hawezi kukaa.

Akafunua. Pilau, kuku juu, kachumbari. Ilinukia hadi Sabina akameza mate. Akaiweka mezani akasema kwa ile sauti yake, majirani wasikie, "Haya, Domitila. Karibu chakula."

Hakuna kilichojibu. Harufu ya maji ya vyombo ikatoka ndani ya chumba, ikapita juu ya Mwalimu, ikakaa. Pilau ikachimbika vidole vitatu. Ikachimbika tena. Paja la kuku likainuka upande mmoja, likageuka, likaonyesha chini yake.

"Mfupa huu," ile sauti ikasema, na wote wanne wakasikia, "una meno ya mtu mwingine."

Makombo, mwanangu. Alikuwa amekusanya kwenye sahani za wateja, akapanga, akapasha, akamwagia kachumbari juu. Miaka saba yule mama aliosha sahani zile zile. Ungemdanganya kwa sahani?

Mama Bene akafungua mdomo. Qamara akamwonyesha kidole, nyamaza.

"Hata leo, mama," sauti ikasema. Haikuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyomtoa Sabina jasho. "Basi karibu wewe."

Mama Bene angesema starehe angepona, Qamara alimnong'oneza hivyo, sema starehe, sema, lakini mkono wake ulikuwa umeshatangulia, mkono wa kulia wenye pete mbili, ukaingia kwenye ile pilau ya watu, ukapeleka mdomoni, na macho yake yakaangalia mkono kama mkono wa jirani, akatafuna, akameza, akachota tena, mfupa ulioliwa akaufyonza hadi ua wote ukasikia, na kadiri alivyokuwa anakula ndivyo njaa ilivyokuwa inamjaa usoni, njaa ya mtu wa siku kumi na nane, akala mchele uliomwagika, akala wa chini kwenye vumbi walipodonoa kuku, na machozi yanashuka na hasimami.

"Mwalimu," Qamara akasema. "Nawa. Toka mezani. Aliyenawa ameshiba."

Sabina akammiminia. Mwalimu akanawa, akasema kwa sauti ya kukauka, "Nimeshiba, ahsanteni." Na papo hapo akahisi chumvi mdomoni. Chumvi ya dagaa wa wiki tatu zilizopita, yote kwa pamoja.

Mama Bene akanyoosha mikono yake kwa Sabina, imejaa mafuta. "Nimiminie," akasema. "Sabina, nimiminie na mimi."

Jagi lilikuwa na maji nusu. Mwalimu aliliangalia. Qamara aliliangalia. Sabina akaliinua taratibu, akawamwagia kuku.

Mwalimu aliomba uhamisho, akapewa. Siku hizi akila anakaribisha watu anaowaona tu, kwa majina. Mgahawa ulifungwa. Richard, mtoto wa Mama Bene, amempeleka mama yake hospitali hadi Moshi, wanasema tumbo halina kitu. Anakula kutwa na amebaki mifupa. Nyumba kubwa wamepangisha watu. Mama Bene mwenyewe amerudishwa, yuko chumba cha nyuma, anakaa kwenye ule mlango mfupi, wapangaji wanakula uani hatua tatu kutoka alipo, na hakuna anayesema karibu. Karatu nzima inajua. Wanaogopa atakayeitikia.

Mwanzo wa habari hii nilipewa na Sabina. Mwisho wake alinisimulia Mama Bene mwenyewe, wiki iliyopita, nilipokwenda kumjulia hali. Nilikaa kwenye ile stuli, nina andazi langu la moto kwenye karatasi. Alisimulia yote, macho yako kwenye andazi.

Nililimaliza. Sikusema neno.